Somo la Ufundi: Kugeuza Kiyoyozi cha Gari la Zamani Kitumie Gesi ya Sasa



Kuanzia Desemba hadi Machi jua la West Nile huwa kali. Ukiwa ndani ya gari kwenye barabara za udongo za kwenda Lobule, Imvepi au Rhino Camp, mambo ni mawili tu: fungua dirisha ule vumbi, au lifunge uive kwa joto. Mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Koboko au Arua hupata taabu hiyo hiyo, tena zaidi yako. Ndiyo maana wenye magari ya zamani huwauliza mafundi swali moja: je, kiyoyozi kilichokufa kinaweza kufufuliwa?

Jibu ni kwamba mara nyingi kinaweza. Lakini hakifufuliwi kwa kujaza gesi tu.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya watu wawili. Wa kwanza ni kijana, wa kiume au wa kike, anayejifunza ufundi katika gereji. Wa pili ni mwanakikundi aliyechanga fedha na wenzake wakanunua gari la kukodisha. Wa kwanza anahitaji kujua kazi. Wa pili anahitaji kujua anacholipia.

Tuanze na mfano. Mzee mmoja analeta gari lake la mwaka 1991 kwenye gereji unayojifunzia Koboko. Anakuambia, "Kijana wangu, jaza gesi kidogo tu, kesho nina safari ya Arua." Unajaza. Baridi inatoka. Mzee anafurahi, analipa, anakuombea baraka. Baada ya wiki tatu anarudi. Kiyoyozi kinatoa hewa ya moto kama zamani. Siku hiyo hakuiti kijana wake. Anakuita mwizi mbele ya watu.

Hukumwibia. Lakini fedha yake imepaa angani, na jina lako limeondoka nayo. Katika makazi yetu habari husafiri haraka, na jina la fundi likiharibika halitengenezwi kwa spana.

Kosa lilikuwa wapi? Shika neno hili, kwa sababu ndilo kiini cha somo zima: GESI YA KIYOYOZI HAILIWI KAMA PETROLI. Gesi ile ile huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka. Ikipungua, imevuja. Anayejaza bila kutafuta tundu anamwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

1. KIYOYOZI HUFANYAJE KAZI?

Maji ya mtungi wa udongo huwa baridi kwa sababu kiasi kidogo hupenya nje na kukauka. Maji yanapogeuka mvuke huchukua joto la mtungi na kuondoka nalo. Kiyoyozi hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mvuke wake hautupwi. Hukusanywa, ukageuzwa kuwa maji tena, ukatumika upya.

Gesi inayotumika katika magari mengi inaitwa R134a. Ikiachwa wazi huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, baridi kuliko barafu. Safari yake ndani ya gari ni hii:

(a) Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi. Hutoka ikiwa na presha kubwa na moto mkali.

(b) Kondensa ipo mbele ya rejeta na inafanana nayo. Hapo upepo huondoa joto, na gesi hugeuka kuwa maji.

(c) Chupa ya kukaushia, ambayo mafundi huiita drayeri, hunyonya unyevu na kuchuja uchafu.

(d) Valvu ya kupunguza presha ina tundu jembamba sana. Maji ya gesi yakipita hapo presha hushuka ghafla.

(e) Evaporeta ipo ndani ya dashibodi. Hapo gesi huchemka na kuchukua joto la hewa ya ndani ya gari. Feni hupuliza hewa hiyo iliyopoa kuelekea kwa abiria, na gesi hurudi kwenye kompresa.

Kumbuka pia kwamba gesi hubeba mafuta ya kulainishia kompresa. Mafuta yasipozunguka, kompresa hujisaga yenyewe mpaka ikakwama. Tutaliona jambo hili tena.

2. KWA NINI GARI LA ZAMANI LINA SHIDA YA PEKEE?

Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1993 hadi 1995 yalitumia gesi nyingine, R12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za aina hiyo hupanda juu sana na kuharibu ozoni, yaani tabaka la hewa linalotukinga na miale mikali ya jua. Mwaka 1985 watafiti Waingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa imepungua kupita kiasi. Mwaka 1987 mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo. Nchi tajiri ziliacha kuzitengeneza kufikia mwaka 1996, na nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010.

Kwa hiyo R12 mpya haitengenezwi tena kwa matumizi haya. Mtu akikuuzia mtungi na kuuita R12, jiulize kwanza aliutoa wapi na ndani kuna nini hasa.

R134a haiharibu ozoni, lakini nayo si gesi ya kumwagwa ovyo. Kwa muda wa miaka 100, kilo moja ya R134a hupasha joto dunia sawa na kilo 1,430 hivi za hewa ya ukaa. Kwa sababu hiyo mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo pia.

Utajuaje gari lako lina gesi gani? Tazama kibandiko chini ya boneti. Halafu tazama midomo ya kujazia gesi. Ya R12 ina hesi za kuzungusha kwa nje. Ya R134a ni minene, laini kwa nje, na kiungo cha geji hujibana kwa kubonyeza. Magari mengi ya umri huo yamekwisha kubadilishwa na fundi mwingine, wakati mwingine vizuri na wakati mwingine nusunusu. Usikisie.

3. KABLA YA KUFUNGUA NATI HATA MOJA

Mara nyingi kiyoyozi hushindwa kwa sababu ndogo. Anza na yasiyo na gharama:

(a) Kondensa imejaa vumbi jekundu, majani na wadudu? Ioshe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Usipinde mapezi yake.

(b) Feni ya mbele ya kondensa inazunguka kiyoyozi kinapowashwa?

(c) Mkanda wa kompresa umelegea au umepasuka?

(d) Klachi ya kompresa inashika? Ikiwa haishiki, angalia fyuzi, waya na swichi ya presha. Swichi hiyo huizuia kompresa gesi ikiwa imepungua mno. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya ili kuilazimisha. Utaua kompresa.

(e) Kama gari lina chujio la hewa ya ndani, limeziba?

(f) Valvu ya maji ya moto ya hita inafunga sawasawa? Gari haliwezi kupoa huku linapashwa joto na maji ya injini.

Yote yakiwa sawa, tafuta alama za mafuta yenye vumbi kwenye maungio ya mabomba, mbele ya kompresa na kwenye kondensa. Gesi inapovuja hutoka na mafuta, na vumbi hunata hapo. Hapa vumbi la West Nile, ambalo kila siku tunalilalamikia, ndilo linaloonyesha tundu lilipo.

4. TAHADHARI: MAMBO YANAYOUMIZA NA KUUA

Soma sehemu hii mara mbili.

MACHO. Gesi ikitoka kwa nguvu hugandisha ngozi na inaweza kupofusha. Vaa miwani ya kazi na glavu kila mara. Ikiingia machoni usisugue. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu, yasiyo ya moto, kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya mara moja.

MOTO. Usichomelee bomba lenye gesi, wala usivute sigara karibu. R12 na R134a zikipita kwenye moto hutoa hewa ya sumu.

SHIMO LA GEREJI. Gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja hukaa chini na kuifukuza hewa ya kupumua. Usifanye kazi hii juu ya shimo ambalo ndani yake kuna mtu.

OKSIJENI. Katika gereji nyingi mchomeleaji yuko jirani, na mtungi wake wa oksijeni uko tayari. Usiutumie kamwe kupima uvujaji. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta hulipuka. Hewa ya kompresa ya matairi nayo haifai, kwa sababu ina unyevu na ikichanganyika na R134a kwa presha kubwa inaweza kushika moto. Tumia naitrojeni kavu tu, yenye kidhibiti presha, isizidi psi 150.

GESI YA KUPIKIA. Kuna wanaosema gesi ya jikoni inatoa baridi. Ni kweli inatoa, na huo ndio mtego wake. Evaporeta ipo ndani ya gari pamoja na abiria. Ikivuja huku madirisha yamefungwa, cheche moja ya swichi au kiberiti inatosha kulipua gari lenye watu ndani. Mfumo wa gari la zamani haukutengenezwa kwa gesi inayowaka. Ukiambiwa na mwenye gari uitie, kataa, hata kama unakosa kazi ya siku hiyo.

MTUNGI USIO NA JINA. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka Vietnam na Brazil, na watu 3 wakafa. Ndani yake ilikutwa gesi bandia iliyochanganywa na kemikali inayoshambuliana na alumini. Kondensa na mabomba mengi ya gari ni ya alumini. Basi mtungi usio na maandishi, uliofutwa rangi au wenye bei ya kushangaza, uache ulipo, hata kama uko sokoni Arua, Koboko au Ariwara.

5. HATUA ZA KUGEUZA KUTOKA R12 KWENDA R134a

Kazi hii inahitaji geji za kiyoyozi, pampu ya vakyumu, mzani na fundi aliyefundishwa. Mwanafunzi aifanye chini ya macho ya mwalimu wake.

Hatua ya 1. Ondoa gesi iliyobaki kwa mashine ya kukusanyia. Usiifungulie hewani. Kama gereji haina mashine hiyo na mfumo bado una gesi, lipeleke gari mahali ilipo. Usichanganye R12 na R134a kamwe.

Hatua ya 2. Fungua kompresa, mwaga mafuta yake kwenye chombo chenye alama za kipimo, uandike kiasi. Mafuta ya R12 ni ya madini. R134a haiwezi kuyabeba. Yakibaki hukaa mahali pamoja, na kompresa hukauka. Hii ndiyo sababu gari lililojazwa R134a bila kubadilishwa mafuta hupoa vizuri kwa muda, kisha kompresa hukwama. Tazama pia rangi ya mafuta hayo. Yakiwa meusi au yana chembe za chuma, kompresa imeanza kufa. Simama, umwambie mwenye gari.

Hatua ya 3. Safisha kondensa, evaporeta na mabomba kwa dawa maalum ya kusafishia kiyoyozi, kisha puliza kwa naitrojeni mpaka pakauke. Petroli haifai. Kompresa, drayeri na valvu ya kupunguza presha havisafishwi kwa njia hii.

Hatua ya 4. Badilisha oringi zote, yaani vile vipete vya mpira kwenye maungio. Nunua zilizotengenezwa kwa R134a, ambazo mara nyingi huwa za kijani au bluu. Lakini rangi peke yake si ushahidi, kwa hiyo soma pakiti. Zipake mafuta mapya kabla ya kuzifunga. Bomba la mpira lililopasukapasuka nalo libadilishwe.

Hatua ya 5. Tia mafuta mapya kwa kiasi kile ulichopima au kinachotajwa na kitabu cha gari. Kwa gari lililogeuzwa, mafuta ya esta yanafaa, kwa sababu yanavumilia mabaki madogo ya mafuta ya zamani. Funika chupa mara moja. Mafuta ya kiyoyozi hunyonya unyevu wa hewa.

Hatua ya 6. Funga drayeri mpya, yenye maandishi XH-7 au XH-9. Ile ya zamani ya R12 haipatani na gesi mpya. Ifungue kwenye pakiti yake mwisho kabisa, kwa sababu ikikaa wazi hunyonya unyevu wa hewa, nawe utakuwa umefunga sponji iliyolowa.

Hatua ya 7. Weka midomo mipya ya R134a juu ya ile ya zamani. Hakikisha swichi ya kuzima kompresa presha ikizidi ipo na inafanya kazi. Kama gari halina, ifungwe.

Hatua ya 8. Tia naitrojeni na upake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Penye mapovu panavuja. Rekebisha, kisha rudia mpaka pasiwe na povu linalokua. Usiruke hatua hii. Yule mzee wetu wa mwaka 1991 aliharibiwa hapa.

Hatua ya 9. Achia naitrojeni, unganisha pampu ya vakyumu, uiache ifanye kazi dakika 45. Pampu huondoa hewa. Tena hufanya unyevu uliobaki uchemke na kutoka, kwa sababu maji huchemka kwa urahisi hewa ikiondolewa. Kisha funga valvu za geji, zima pampu, usubiri dakika 30. Mshale ukirudi nyuma, bado kuna tundu. Umeme au jenereta ikizima katikati ya kazi, funga valvu za geji kwanza, kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 10. Jaza R134a kwa kupima kwa mzani. Gari lililogeuzwa huhitaji gesi pungufu kuliko ya zamani, kati ya asilimia 80 na 90. Tuseme kibandiko kinasema gramu 800 za R12. Asilimia 80 ni gramu 640, na asilimia 90 ni gramu 720. Anza na 640, pima baridi, uongeze kidogo kidogo, usipite 720. Gesi ikizidi, baridi hupungua na presha hupanda mpaka ikaharibu kompresa.

Injini inapofanya kazi, jaza upande wa presha ndogo tu, mtungi ukiwa umesimama wima ili itoke gesi, si maji. Maji yakiingia kwenye kompresa huivunja. Usifungue valvu ya presha kubwa wakati injini inazunguka, maana presha itarudi mtungini na kuupasua. Mtungi usiupashe moto kwa jiko. Maji ya uvuguvugu yanatosha.

Hatua ya 11. Bandika karatasi chini ya boneti: aina ya gesi, gramu, aina ya mafuta, tarehe na jina la gereji. Ondoa kibandiko cha R12. Fundi atakayekuja baada yako atakushukuru.

6. GEJI INASEMAJE KATIKA ARUA?

Hapa wanafunzi wengi huchanganyikiwa. Vitabu vinasema pampu nzuri hufikisha mshale kwenye inchi 29 za vakyumu. Unajaribu Arua, mshale unasimama kwenye 26 hivi. Unadhani pampu mbovu, au mfumo unavuja. Huenda hakuna kibovu.

Vitabu hivyo viliandikwa kwa watu wa pwani. Arua ipo kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kila unapopanda mita 300, hewa hupungua uzito, na kipimo cha juu cha vakyumu hushuka kwa karibu inchi 1. Mita 1,200 ni mara 4 ya 300, kwa hiyo utapata pungufu ya inchi 4. Jaribu pampu yako peke yake ikiwa imezibwa mdomo, uandike inapofika. Hicho ndicho kipimo chako cha kulinganishia.

Baada ya kujaza, siku yenye nyuzi 30 hivi, injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika na feni ikiwa juu kabisa, geji ya bluu isome kati ya psi 20 na 40, na ya nyekundu kati ya psi 200 na 250. Hewa inayotoka katikati ya dashibodi iwe baridi kuliko ya nje kwa nyuzi 15 hadi 20.

Nyekundu ikipanda mno, angalia kama kondensa imeziba, feni ni dhaifu au gesi imezidi. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zikikaribiana, kompresa imechoka. Lakini usijaze kwa kutazama geji peke yake. Mzani ndio unaopima gesi. Geji inapima afya ya mfumo.

7. KUONGEZA NGUVU YA KIYOYOZI

R134a hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko R12 wakati wa joto, kwa hiyo kondensa ya zamani huweza kuzidiwa, hasa gari likisimama. Ikiwa fedha ipo, badilisha kondensa ya zamani yenye bomba moja linalopindapinda uweke ya kisasa yenye njia nyingi nyembamba. Ikiwa haitoshi, ongeza feni ya umeme mbele yake, yenye relei na fyuzi yake. Hakikisha pia upepo haupiti pembeni ya kondensa. Ziba nafasi kwa mpira.

Dereva naye asaidie. Aegeshe kivulini. Afungue milango dakika mbili kabla ya kuondoka ili joto lililojikusanya litoke. Kisha afunge madirisha na kutumia kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kiyoyozi kiwashwe walau dakika 10 kila wiki, hata wakati wa mvua, ili mafuta yazunguke na mpira wa mbele wa kompresa usikauke.

8. JE, INALIPA?

Ndugu mwanakikundi, hesabu kabla ya kutoa fedha. Namba hizi si bei za soko, ni za zoezi. Tuseme kujaza gesi tu ni shilingi 80,000, na inaisha kila baada ya wiki 3. Tuseme kazi kamili ni shilingi 600,000. Gawa 600,000 kwa 80,000, utapata mara 7 na nusu. Zidisha kwa wiki 3, ni wiki 22 na nusu. Maana yake, katika muda usiofika miezi 6, anayejaza tu amemaliza fedha ya kazi kamili, na bado hana baridi. Weka bei halisi ulizopewa na mafundi wawili au watatu, ufanye hesabu hiyo hiyo.

Lakini breki, matairi na taa hutangulia. Kama kompresa imekufa, evaporeta imetoboka na kondensa imeoza, huenda fedha hiyo ikafaa zaidi mahali pengine. Mwaka 2018 Uganda ilipitisha sheria ya kuzuia kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka 15 tangu yatengenezwe. Magari ya R12 yaliyopo ni yale ya zamani tu, na spea zake zinazidi kuwa chache.

Nawe mwanafunzi, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa nafasi ya kutafuta kazi katika nchi hii. Nafasi hiyo utaikuza au kuipoteza kwa mikono yako. Kabla ya kupokea fedha, andika kwenye karatasi: umekuta nini, utabadilisha nini, bei ni kiasi gani, na umeahidi nini. Mpe mwenye gari nakala, na mrudishie spea za zamani azione.

Turudi kwa yule mzee. Safari hii anaposema "jaza kidogo tu", mjibu kwa heshima: "Mzee wangu, gesi hailiwi. Imetoka mahali. Niruhusu nipatafute kwanza, nikuonyeshe kwa macho yako, ndipo uamue." Pengine atakwenda kwa mwingine. Mwache aende. Akirudi baada ya wiki tatu, atakuja kwako kama fundi aliyemwambia kweli.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini si sawa kusema "gesi imeisha" bila kutafuta sababu?
2. Kibandiko kinasema gramu 900 za R12. Utaanza na gramu ngapi za R134a, na mwisho wako ni ngapi?
3. Pampu yako Arua inaishia inchi 26. Utafanya nini kabla ya kuitupa?
4. Jirani mchomeleaji anakupa oksijeni ya kupimia uvujaji. Utamjibu nini?
5. Kwa nini mafuta ya zamani lazima yatolewe?

MAJIBU

1. Gesi huzunguka, haitumiki ikaisha. Ikipungua kuna tundu.
2. Anza na 720, usipite 810.
3. Jaribu pampu peke yake na ukumbuke mwinuko wa mahali.
4. Hapana, kwa sababu oksijeni na mafuta hulipuka. Tumia naitrojeni kavu.
5. R134a haiyabebi, na kompresa itakauka na kukwama.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako karatasi hii. Asiyejua kusoma, msomee.